Nyumba ya Bilele na Wenyeji Wake

Juzi mwanangu alinipeleka Kashai, mtaa wa mjini, kuona nyumba anayotaka kuinunua. Alitaka niiombee kabla hajatia saini. Ni nyumba nzuri, ina vyumba vingi na uwanja wa kuanikia nguo. Lakini milangoni walisimama watu. Mama mmoja alikuwa akimenya ndizi. Alipotuona aliacha kisu kikae juu ya ganda, akatutazama. Mwanangu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hao ni wapangaji, muuzaji ameshawapa notisi, nisiwe na wasiwasi. Nilishindwa kuomba. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza kama kuna ubaya wowote, nami badala ya kumjibu nilimsimulia habari ya nyumba ya Bilele. Na wewe nakusimulia, maana wengi walioijua wameshatangulia.

Sisi ni watu wa Kamachumu. Nilikulia kwenye kibanja cha baba, chini ya migomba iliyoziba jua hata mchana, miguu yetu ikiwa myeusi kwa utomvu na magoti yetu yakiwa na alama za kupiga magoti, kwa wakubwa na kwa Mungu. Mwaka ule mama yangu aliugua kifua. Daktari alitaka awe karibu na hospitali ya mjini, maana kila safari ya lori kuteremka na kupanda ilimrudisha nyumbani akiwa na hali mbaya kuliko alivyoondoka. Baba alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na kijiji kizima kilimwogopa kidogo. Aliuza ng'ombe wake wote akanunua nyumba Bilele, mtaa wa mjini, ili mama apate pa kulala karibu na dawa.

Nyumba ile ilikuwa na watu. Katika vyumba vya mbele alikaa mjane na watoto wake. Alikuwa akiuza maandazi, na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, aliuza senene wa kukaanga. Nyuma alikaa fundi baiskeli, kijana mcheshi asiye na mke. Muuzaji alimwambia baba kwamba kuwatoa ni kazi yake mnunuzi. Basi Jumapili moja baada ya misa baba alivaa koti lake, akanichukua mimi kumbebea mwavuli, tukashuka mjini kuwaambia wahame kabla ya Noeli.

Naiona siku ile kama ya jana. Mvua ya senene ilikuwa imepita, na uani watu walikuwa wamekaa wakinyonyoa senene mbawa na miguu. Harufu ya mafuta na chumvi ilitufikia tukiwa bado barabarani. Mjane alipomwona mzee mwenye koti hakuuliza ni nani. Alinawa mikono, akapiga magoti, akamsalimu baba kwa Kihaya salamu ndefu ya heshima, ile ya kuulizia nyumba na watoto na mifugo. Sakafuni alikuwa ametandika majani mabichi kama nyumba ya kijijini, pale pale mjini. Alimkalisha baba kwenye kiti pekee kilichokuwapo. Kisha akaleta kikapu kidogo chenye mfuniko, akamnyooshea kwa mikono miwili: akamwani, kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yenye harufu tamu kisha ikakaushwa.

Kwetu mgeni haachi kuchukua akamwani. Tangu utotoni mkono huenda wenyewe. Baba alichukua punje, akatia kinywani, akatafuna. Nilimwona akiacha kutafuna katikati, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha moto unawaka nyumbani. Amekwisha kula kahawa ya mwenyeji. Ndani ya nyumba aliyoinunua amekuwa mgeni.

Mjane akamuuliza, "Taata, mmetoka mbali. Kuna habari gani?"

Baba alizungusha punje ulimini. Kisha akasema, "Tulipita kuwasalimu."

Tulipewa senene kwenye jani la mgomba tuwapelekee wa nyumbani. Tukapanda lori kurudi Kamachumu.

Mama alikuwa amelala karibu na moto. Aliuliza wale watu wanaondoka lini.

"Walinikaribisha," baba akasema.

"Walikukaribisha wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Baba alivua koti, akalitundika, akalishusha, akalitundika tena. Ndipo akasema kwamba alikula akamwani yao. Mama alicheka hadi kikohozi kikamshika, nikakimbia kumletea maji. Alipopumua alisema, "Mume wangu, umeuza ng'ombe wote ukaenda kuwa mgeni." Kisha hakucheka tena. Sote tulijua maana yake. Mvua zilikuwa zinazidi, kifua chake kilikuwa kinazidi, na nyumba tuliyoitegemea ilikuwa na mwenyeji. Shangazi aliyekuwa akimwuguza mama alisema kahawa ni kahawa, waende watoe watu. Baba alijibu kwamba mgeni hamfukuzi mwenyeji wake, na hakulirudia neno hilo. Nilisikia pia kwa mara ya kwanza habari ya yule mjane: mumewe alipofariki, shemeji zake walichukua kibanja. Hakuwa na mgomba hata mmoja wa kurudi kwake.

Ni mama aliyetoa shauri. "Kama ni wenyeji, basi tukaombe chumba."

Hebu fikiria. Mke wa mwenye nyumba, akishikwa mikono huku na huku, anapelekwa kuomba nafasi katika nyumba ya mumewe. Nilikuwa mtoto, lakini niliona aibu kwa niaba yake. Tulipofika, fundi baiskeli alikuwa mlangoni akatuzuia tusipite. "Msikanyage kwanza," alisema, "majani bado yana maji, nimetumwa kuyakata tangu asubuhi kana kwamba mimi ndiye ng'ombe." Chumba cha mbele, kile chenye dirisha la jua, kilikuwa kitupu, kimepakwa udongo mweupe na kutandikwa majani. Watu wa soko walikuwa wamemweleza mjane yule mzee mwenye koti ni nani na mkewe anaumwa nini. Alikuwa ameshahamishia watoto wake chumba cha nyuma, palipoingia moshi wa jiko.

Mama alianza kueleza ombi lake. Mjane alimkatiza taratibu, akimwita mama kwa Kihaya. "Mgonjwa halali kwenye moshi, maawe. Ingia."

Nimesoma Maandiko maisha yangu yote na kuyafundisha kwa watoto wa komunyo ya kwanza, lakini mlango ule nimeuona akilini mara nyingi zaidi kuliko kurasa nilizofungua. Hadi leo hunyamazisha moyo wangu.

Tuliishi pamoja miaka mingi. Mjane aliendelea kulipa kodi, na baba aliipokea, kwa kuwa alisema kumkatalia ni kumwita ombaomba. Asubuhi alimpikia mama uji kabla hajakaanga maandazi yake. Jioni sisi tulisali rozari, naye, Mlutheri, aliingojea imalizike ndipo aanze nyimbo zake kwa sauti nene. Fundi baiskeli alikuwa akilalamika kwamba katika nyumba hii Mungu hapati usingizi. Mama alipona, kwa neema. Ndiye aliyemfumba macho mjane siku Mungu alipomwita.

Hapo ndipo ukoo wetu ulipotikisika. Mtu wa kwetu hulazwa kwenye kibanja chake, na yeye hakuwa nacho. Baba aliwaita ndugu zake Kamachumu akawaomba nafasi kati ya makaburi yetu. Walikasirika. Baba mdogo mmoja aliuliza atawaeleza nini wazee waliolala pale, kwamba huyu mpangaji ametoka wapi. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akimpigia mtu magoti, alipiga magoti mbele ya wadogo zake. Walikwenda kuchimba.

Nyumba ya Bilele ilibomolewa; pale sasa kuna maduka yenye mageti ya chuma. Watu hununua nyumba bila kuingia ndani kuona nani anapika. Hata salamu zimefupishwa, hakuna anayefika kwenye mifugo. Baba na mama wamelala kibanjani, na mjane kati ya mama na bibi yangu. Kila Novemba, mwezi wa marehemu, wajukuu hufyeka na kupalilia pale, kisha humwombea kila mmoja wao. Mjane pia humwita bibi, nao huamini kwamba ni wa damu yetu. Sijawasahihisha.