Ufuta Niliomimina Mikononi Mwake

Nilikuwa fundi wa nguo kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja hapa Kamina, karibu na gare, stesheni ya treni. Mke wa mwenye duka, tuliyemwita Mama, alikuwa na kaka mmoja tu duniani, naye alikaa mbali, Elisabethville. Basi kila mwaka, siku yao ya dada kumfunga kaka uzi ilipofika, uzi mwekundu alinifunga mimi mkononi na kuniita bhai, yaani ndugu. Wenzangu walinicheka: "Ee, shemeji ya Muhindi!" Niliwaacha wacheke. Uzi sikuutoa mpaka ulipokatika wenyewe.

Mzee wake, yule mwenye duka, alipotimiza miaka sitini, walitaka kuoana tena mbele ya moto, njo desturi yao. Jamaa zao walitoka Bukama, wakatoka Kaniama, nyumba ikajaa hadi wengine wakalala katikati ya magunia ya chumvi. Mama alikuwa na neno moja tu mdomoni: kaka yake anakuja kummiminia ufuta. Maana kwao mwanamke akizunguka moto na mume wake, kaka humwekea nafaka mikononi, naye huitupa motoni. Hata shati jeupe la huyo kaka alinishonesha mimi.

Asubuhi ya siku yenyewe kaka hakushuka kwenye treni. Ilikuja telegramu kwa Kifaransa, na mzee hakujua Kifaransa. Mimi nilisoma kwa Wamethodisti, nikamsomea nyuma ya duka: "Kaka ni mahututi. Anamwita dada yake. Aje leo."

Ilikuwa saa tatu. Treni ya Elisabethville iliondoka saa sita mchana.

Mzee akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. "Jamaa yote ilikuya juu ya sisi. Chakula iko tayari. Tutamuambia kisha."

"Lakini Bwana, treni..."

"Hii iko mambo ya jamaa. Weye uko fundi."

Nikanyamaza. Niseme ukweli, niliogopa kufukuzwa, na nilikuwa na watoto watano. Sina sababu nyingine.

Punde si punde Mama akaja barazani na sari yake nyekundu, shati mkononi. "Bhai, wanasema kaka yangu atachelewa. Minyi siwezi kuzunguka moto bila kaka. Vaa hii, simama pahali pake."

Ningeweza kumwambia palepale. Nikavaa shati. Kaka yake alikuwa mrefu, mikono ya shati ikanifunika vidole.

Ncha za nguo zao zikafungwa pamoja, moto ukawashwa kwenye karai. Mara nne walizunguka, na kila mara nilimimina ufuta kwenye viganja vyake. Kwenye mzunguko wa tatu treni ikapiga filimbi ya kuondoka. Mzee hakugeuza kichwa. Mama akanitazama akicheka, akaninong'oneza, "Labda njo yeye anafika." Loo, mimi huyu! Nikammiminia na mara ya nne.

Watu walipomaliza kula, wakamwambia Mama kwamba kaka yake ni mahututi. Hakupiga kelele. Fundo la nguo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno, akaenda gare na sari ileile, akakaa kwenye benchi kungoja treni ya keshokutwa. Wakambembeleza hadi wakachoka.

Kesho yake ikaja telegramu ya pili. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Mzee alishindwa kuipeleka, nikaenda nayo mimi hadi kwenye benchi, nikamsomea kwamba kaka amefariki. Akaichukua ile karatasi, akaniuliza:

"Na ile ya kwanza, nani aliisoma?"

"Ni minyi, Mama."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

Akatazama njia ya reli.

Mwaka uliofuata siku ya uzi ilifika. Nilinawa mikono, nikakunja shati hadi kwenye kiwiko, nikangoja kwenye mashine yangu kama mjinga. Mama akatoka ndani, akaweka suruali ya mzee mbele yangu.

"Fundi," akasema, "punguza hii kiuno. Amekonda."