Bomba la Moshi la Nyumba ya Mzungu

Madam wangu hapa Al-Safa, Jeddah, amenunua jiko la ukutani la kuota moto, ila moto wake ni wa taa. Halichomi wala halitoi moshi. Nilipolipangusa asubuhi, mawazo yalinirudisha kwetu Molo, kule kwenye baridi.

Ndugu yangu, nyumba tuliyolelewa ilijengwa na mlowezi Mwingereza. Kuta zake za mawe zilikuwa nene hata mtoto aliweza kukaa dirishani akiwa amekunja miguu. Paa lilikuwa la vigae vya mbao, na ngazi ililia ukiikanyaga. Nyanya ndiye aliyeitunza kwa niaba ya mwenye nyumba. Wazazi wetu walipofariki, baba mdogo alitaka mimi na wadogo zangu watatu tugawanywe kwa jamaa. Nyanya akakataa: "Hapa wana paa. Ukiwatawanya, utawakusanya na nini?"

Kila mwaka kabla ya masika nyanya alifunga tawi la mwerezi kwenye kamba, akalivuta ndani ya bomba la moshi kuangusha masizi. Mwaka mmoja mguu ulimuuma, kazi ikaahirishwa. Baba mdogo alikuja mchana wa mvua kuyarudia yale yale ya kutugawa. Tukamwashia moto kwa kuni mbichi.

Bomba likaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima. Masizi yalikuwa yameshika moto. Cheche zikaruka juu ya vigae.

"Magunia! Yaloweshe, uzibe mdomo wa jiko!" nyanya alinipigia kelele.

Baba mdogo alikwisha kunyakua ndoo. "Mama, sogea!"

"Usimwage! Jiwe la moto halitaki maji!"

"Moto unazimwa na maongezi?" Akamwaga.

Mlio ule bado nausikia. Jiwe lilipasuka, ufa ukapanda hadi chumba cha juu tulikolala sote wanne. Mimi na nyanya tulibana magunia, macho yakitiririka, hadi ngurumo ikafa.

Baba mdogo akautazama ufa. "Haya. Hilo paa lenu liko wapi?"

Mwenye nyumba aliamuru ifungwe. Wadogo zangu wakachukuliwa, kila mmoja kwa jamaa wake. Mimi niliacha shule nikafanya vibarua, kisha ajenti akanileta Riyadh, mtaa wa Malaz, na baadaye huku Jeddah.

Nyumba imebomolewa sasa, mawe yamejengewa nyua za watu. Lakini si mawe yanayoniuma. Kitindamimba wetu hakumbuki kitu. Huniamkia kwa adabu, kama anayempokea mgeni. Sichoki. Kila Ijumaa nampigia, namtembeza nyumba ile kwa maneno, chumba kwa chumba.

Juzi alinikatiza. "Dada, ngoja kidogo. Sisi tulilala upande gani?"