Betri Sita na Jerikani Moja

Gari la mjomba lilikuwa na tangi, lakini tangi lilikuwa limeoza kwa kutu, kwa hiyo petroli ilikaa ndani ya jerikani la plastiki katikati ya miguu ya abiria wa mbele. Mpira mwembamba ulitoka humo, ukapita chini ya dashibodi hadi kwenye injini. Ukipanda, mjomba alikuambia upanue magoti na usiwashe sigara, basi. Miaka ile ya tisini jambo hilo halikumshangaza mtu Kibera.

Mama yangu ndiye aliyekataa kulisogelea. Stovu ilikuwa imemlipukia nyumbani kwetu Kisumu Ndogo, siku aliyonunua mafuta ya taa kwa mchuuzi tusiyemjua. Majirani walisema yalichanganywa na petroli. Mguu wa kulia uliungua kuanzia gotini hadi kwenye kifundo. Kila Jumanne ilimbidi afike kliniki ya misheni upande wa Kawangware kubadilishwa bandeji, na tangu ajali ile harufu ya petroli ilimfanya atetemeke.

"Dada, miaka kumi naendesha hii gari," mjomba alimwambia. "Imewahi kulipuka?"

"Hata stovu ilikuwa haijawahi."

Hapo ndipo alipojitokeza fundi wa mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Alikuwa mchomeleaji, na Jumapili aliimba besi kanisani kwetu. Alikuwa amenunua kigari kilichotupwa na kiwanda fulani, kile cha kubebea makasha ndani ya bohari, akakiwekea benchi na paa la turubai. Chini ya benchi kulikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli, na ndani yake betri sita za gari. Alikitumia kupelekea wateja mageti na madirisha. Akasema atampeleka mama kila Jumanne, bure.

Hilo neno bure ndilo lililonikera. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na baba alikuwa amekufa. Mwanamume anayemletea mjane gari mlangoni bila kudai kitu, nilijua anachotafuta. Au niliona najua.

Hata kigari chenyewe hakikuaminika. Mwanamke aliyeuza omena za kukaanga kando ya mama sokoni alimwuliza fundi mbele ya watu, "Mvua ikinyesha, si mtakaangwa nyote kama hii biashara yangu?" Siku ya kwanza mama alivaa patipati za mpira, akakalia gunia kavu lililokunjwa mara nne, na kabla ya kupanda akagusa chuma kwa mgongo wa kidole, kama mtu anavyogusa waya asioujua. Hakikumpiga. Nimehamahama miji mingi tangu wakati huo, na juzi nilipoita teksi hapa Nairobi ikaja ya umeme, niligundua nimegusa mlango kwa mgongo wa kidole. Dereva alinicheka.

Nilipanda nyuma kila safari, nikitafuta kosa. Nikalipata mapema. Mwanamume mmoja alikuwa akitoka kinyumenyume mlangoni na mitungi miwili ya maji, hakutusikia, na kigari kikamgusa mashavu ya miguu. Maji yote chini.

"Wee! Unakuja kimya kama mwizi?"

Jumanne iliyofuata fundi alikuwa amefunga nyuma makopo matatu yenye nati ndani, tukawa tunapita kwa kelele kuliko arusi. Kisha nikaona vitundu kwenye pindo la lesso ya mama. Asidi ya betri. Nilimwonyesha kwa furaha ambayo sasa inanitia haya.

"Unaona? Petroli inaunguza mara moja, na hii inakula polepole."

"Afadhali ile lesso," alisema. "Lesso haina uchungu."

Lakini haki ni haki. Kigari kilikuwa chembamba, kikafika hadi mlangoni kwetu, wakati gari la mjomba liliishia barabarani na mgonjwa akatembea. Hakikutoa moshi wala harufu. La mjomba, kwa upande wake, lilipanda mlima wowote, na mafuta yakiisha uliyapata njiani kwa mtu yeyote. "Na umeme utaazima wapi?" mjomba alimtania fundi. "Utaletewa kwa kikombe?" Fundi alicheka tu. Hata kicheko chake nilikishuku.

Baadaye nesi akatuambia kuna daktari mgeni atakayekuja asubuhi moja tu, kuchagua watakaopandikizwa ngozi. Mama awe amefika kabla ya saa nne. Akimkosa, ngozi itajivuta na goti halitakunjuka tena. Mama aliuliza swali moja: je, ataweza kusimama sokoni? Nesi aliendelea kufunga bandeji.

Jioni ya mkesha wa siku hiyo fundi alileta kigari kikiwa kimechajiwa, akakiegesha uani kwa kanisa ili tuondoke mapema. Akanipa ufunguo wa kufuli.

"Shika wewe, kijana. Hapa sina mtu mwingine."

Nikawaza, sasa ananinunua na mimi.

Jioni hiyohiyo kulikuwa na matanga. Jirani alikuwa amefariki, na watu wake walipanga disko ili zipatikane pesa za kumsafirisha hadi kwao ziwani. Stima ilikuwa imekatwa, na amplifaya ilihitaji betri. Vijana wakanijia: "Bro, mbili tu. Asubuhi na mapema unazo." Matanga hayakataliwi. Anayekataa leo, siku yake akija kulia atalia peke yake. Lakini huo si ukweli wote. Nilitaka pia kile kigari kiaibike kidogo. Na nilipiga hesabu kama ya jerikani: sita toa mbili, zimebaki nne zilizojaa, na njia si ndefu. Kulipopambazuka nilizirudisha mwenyewe, moja moja, nimezikumbatia mapajani kwa uzito.

Tulipita Sarang'ombe makopo yakilia. Kwenye mwinuko kabla ya Ngong Road kigari kikapungua, kikatambaa, kikasimama. Fundi akafungua sanduku, akapima kila betri kwa balbu ndogo. Nne ziliiwasha kama jua. Mbili zilitoa wekundu wa sigara inayozimika.

"Hizi zimefungwa pamoja kama ng'ombe wa jembe," alisema taratibu. "Wawili wakilala, wanne hawalimi."

"Ulizichaji lini?" mama akauliza.

"Jana, sista."

"Zote?"

"Zote."

Mama alimtazama kwa jicho nililotamani amtazame nalo tangu siku ya kwanza. Fundi akainua macho kujibu, na njiani macho yake yakakutana na suruali yangu. Ilikuwa ile ya shule. Kwenye mapaja yote mawili palikuwa na vitundu, ngozi inaonekana. Aliviangalia. Nilisubiri.

Akafunga sanduku. "Betri zimezeeka, sista. Kosa ni langu. Kijana, kimbia ukamwite mjomba wako."

Nilikimbia. Gari lilipofika, mama alisikia harufu kabla ya kuona jerikani, akashika chuma cha kigari kwa mikono miwili.

"Hicho kitu kitoke kwanza."

"Kikitoka, dada, hatuendi."

"Basi hakikai karibu na mguu wangu."

Alikaa nyuma, madirisha wazi, lesso puani. Mimi nikakaa mbele na jerikani nimelipakata. Halikuwa na kifuniko, tambara tu. Kila shimo barabarani petroli iliruka ikaniingia kwenye vile vitundu, palipochubuliwa na asidi. Sikuthubutu kupiga kelele.

Tulikuwa wa mwisho kwenye foleni, lakini tulifika. Daktari alilikunja goti, akalikunjua, akaandika jina la mama. Tulipotoka tukakaa kwenye benchi la nje, mama akitazama mbele.

"Suruali yako imekuwaje?"

Nikamwambia yote.

"Huyo mtu amenidanganya kwa ajili yako. Na mimi nikamtazama vile." Akavuta lesso. "Mjomba atanirudisha. Nitaziba pua. Wewe mfuate. Kwa miguu."

Nilimkuta ameshavuka Ngong Road, anasukuma kigari kuelekea Kongo, shati limelowa jasho. Niliweka bega upande wa pili, bila salamu. Tulisukuma mwendo mrefu, makopo yakigongana nyuma yetu, watu wakitoka madukani kuangalia.

"Kijana," alisema mwishowe, bila kunigeukia, "hebu fungua hayo makopo. Tumeaibika vya kutosha."