Mgeni Aliyesubiriwa Sangailu

Nimelificha jambo hili wiki nzima, lakini acha niseme mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine. Mimi ni mwalimu hapa Ijara. Jumamosi asubuhi nilitoka na baiskeli yangu ya milimani, ingawa milima hatuna, nikiwa nimevaa kizibao cha njano kinachong'aa ili madereva wa malori wanione kwenye vumbi.

Karibu na Sangailu nikakuta wafugaji wamekusanyika kando ya barabara. Waliponiona tu, wakainuka. "Amefika! Amefika!"

Nilikuwa nimeitangaza safari yangu mtandaoni, basi nikajua sifa zimenitangulia. Nikaketishwa mkekani, nikapewa maziwa ya ngamia, nikayamaliza. Kisha nikasimama kuhutubia. Niliwasifu kwa kupenda michezo, nikaeleza faida za baiskeli, hata nikapandisha suruali waone misuli. Walinisikiliza kwa adabu, huku mbuzi wao wakikohoa nyuma yao.

Nilipomaliza, mama mmoja akasema kwa lafudhi ya Kisomali, "Mashallah, daktari, umesema fizuri. Lakini mbuzi yetu inakufa, na sisi tumengoja tangu alfajiri. Dawa iko wabi?"

"Dawa gani, mama?"

Kabla hajajibu, pikipiki ikasimama. Akashuka mtu mwenye kizibao kama changu, na sanduku la chanjo begani. Mama akamtazama, kisha akanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze.

"Waryaa," akaniita kwa Kisomali, akinisukumia beberu mkubwa, "kama wewe si daktari, basi shika miguu ya nyuma."