Vipande Vilivyotii Hesabu

Shangazi yangu, ambaye maabara nzima ilimwita Mama Chaji, alitumia miaka mitatu kuandika programu ya kutabiri vipande vya protini vitatenganaje kwenye mashine ya umeme: chenye chaji kubwa na umbo dogo hutangulia. Kila mara kipande kimoja kilimuumbua. Asubuhi moja akagundua kwamba alikuwa amesahau kuhesabu chaji ya ncha ya kipande hicho. Akarekebisha, mashine ikawashwa, na vyote kumi na viwili vikafika kwa mpangilio aliotabiri. Alipiga vigelegele, akacheza na fundi wa mashine, kisha akampigia bibi simu.

“Mama, wamefika wote kumi na wawili!”

“Nani, wachumba?”

“Vipande vya protini!”

Bibi akacheka mpaka akakohoa. “Haya, mwanangu. Na mimi napiga kigelegele, ingawa sijui cha nini.”