Siku Thelathini za Kujaribu

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea kwisha, nilikuwa karani wa rekodi kwenye dispensari ya shamba moja la majani chai, upande wa Kericho. Nilizaliwa kwenye kambi za shamba hilohilo. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja kuchuma majani, na mimi nikawa mtu wa kwanza kwetu kufanya kazi ya kuketi.

Dispensari ilikuwa na kompyuta moja. Kila asubuhi niliiwasha, nayo ikanipa orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu ambao siku yao ya kuchukua dawa ilikuwa imepita. Orodha hiyo nilimpelekea sista, muuguzi aliyekuwa mkubwa wetu, naye akamtuma mtu kambini kuwatafuta. Mgonjwa akiacha dawa hizo katikati, ugonjwa hurudi na nguvu mpya, na kuna wakati unakataa kabisa kusikia dawa. Mjomba wangu alikufa hivyo. Sikuhitaji kuelezwa.

Lakini saa ya chakula cha mchana kompyuta ilikuwa yangu. Nilitaka kutengeneza mchezo unaofunguka ndani ya ukurasa wa intaneti, ili mtu yeyote, popote alipo, aucheze bila kununua kitu. Nilikuwa nimeuona mmoja wa namna hiyo kwenye duka la mjini Kericho lililokuwa na intaneti, na tangu siku hiyo sikutulia. Wangu ungekuwa wa mama mwenye kikapu mgongoni, anayechuma majani huku mvua ya mawe ikimkaribia.

Binamu yangu aliyekuwa akisoma chuo kikuu Nairobi alinitumia CD iliyotoka na gazeti la mambo ya kompyuta. Nikajikuta na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa programu ya kuchora picha na kuzifanya zitembee. Ya pili ilikuwa Java, lugha ya kuandikia programu, lakini vifaa vyake vilikula nusu ya saa yangu ya chakula kufunguka tu, halafu mashine ikaganda. Ya tatu ilikuwa kuuandika ukurasa wenyewe kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa JavaScript, lugha inayosomwa na ukurasa wa intaneti wenyewe. Hiyo haikuhitaji kifaa chochote zaidi ya programu ndogo ya kuandikia iliyokuwa tayari ndani ya kompyuta. Niliidharau. Niliona ni njia ya mtu aliyekosa vifaa vya maana.

Nikachagua ile ya kuchora. Siku ya kwanza mama yangu wa kikapu alipotembea kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, nilicheka peke yangu ofisini. Shida ni kwamba nilikuwa nimepewa siku thelathini za kujaribu bila kulipa. Siku ya thelathini na moja programu ilikataa kufunguka. Nilimwandikia binamu, naye akajibu kwa barua fupi: "Rudisha tarehe ya kompyuta nyuma. Itadhani bado unajaribu."

Nilijaribu, ikakubali. Basi kila saa saba nikawa nairudisha tarehe nyuma wiki tatu, na kila saa nane kasoro dakika kumi nairudisha mahali pake. Niliogopa tangu siku ya kwanza. Hatua zikisikika kwenye veranda, niliufunga mchezo upesi. Baada ya kurekebisha tarehe niliiangalia tena, nikaenda kunawa mikono, nikarudi kuiangalia mara ya tatu. Lakini kesho yake nilifanya vilevile.

Siku moja mvua ya mawe ilitushukia saa ya chakula. Radi ilipiga karibu na kiwanda, stima ikapotea, nami nikakimbia kuchomoa nyaya zote ukutani kabla mashine haijaungua. Wachumaji walijaa veranda wakitafuta mahali pa kujikinga, wengine wakivuja damu kichwani. Tulifunga vidonda mpaka jioni. Asubuhi yake niliiwasha kompyuta, nikachapisha orodha, nikampelekea sista. Sikuangalia tarehe.

Siku zilizofuata malaria ilitujia kwa wingi na saa ya chakula ikafutwa. Mchezo niliuacha kabisa. Siku ya kumi na mbili baada ya ile mvua, sista alikuja na karatasi mkononi.

"Hebu niambie," alisema. "Orodha ni tupu karibu wiki mbili sasa. Hawa wagonjwa wetu wameshika adabu lini?"

Nikatazama pembe ya kioo. Tarehe ilikuwa wiki tatu nyuma; kwa kompyuta, siku ya kila mgonjwa ilikuwa bado haijapita.

Sista aliitwa chumba cha sindano, nami nikabaki na ile mashine. Nilirekebisha tarehe na kuchapisha orodha upya. Yalitoka majina saba. Sita walikuwa watu wa kambi za karibu, na kabla ya saa sita walikuwa wamepatikana. Wa saba alikuwa mama mmoja mchumaji, wa kwetu upande wa ziwa, aliyekuwa na miezi miwili tu kwenye dawa. Alikuwa amezikosa siku kumi na moja. Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwake, nikakuta kufuli mlangoni.

"Alienda Kipkelion kwa dada yake," jirani aliniambia, akianua nguo. "Dada amejifungua. Ameenda kumsaidia kulea mtoto."

Mtoto mchanga. Nilirudi dispensari nikikimbia katikati ya chai, na njia nzima nilimwomba Mungu bila maneno, kama mtu anayehema tu. Nilimkuta sista akiandika.

"Sista, ni mimi," nilisema. "Orodha niliiharibu mimi. Nilikuwa narudisha tarehe nyuma, kwa sababu ya mchezo."

"Mchezo gani?"

"Wa kompyuta. Ninautengeneza."

Nilingoja anifukuze, na kusema kweli ningeshukuru. Badala yake aliinuka, akachukua boksi la dawa. "Vaa gamboti," alisema. "Twende."

Dereva wa gari la wagonjwa alitupeleka. Njia nzima nilikuwa nikihesabu: siku kumi na moja, mtoto wa siku ngapi, chumba kimoja, dirisha pengine halifunguki.

Tulimkuta nje ya nyumba ya dada yake, ng'ambo ya reli, ameketi juani na mtoto amefungwa khanga mapajani pake. Alikuwa anakohoa. Aliponiona alifurahi.

"Nyathiwa!" aliniita kwa lugha ya kwetu, yaani mtoto wetu. "Umenifuata mpaka huku?"

Sista alimchukua mtoto taratibu, akampa yule dada aliyejifungua, aliyekuwa mlangoni, kisha akamgeukia mgonjwa. "Mama, kwa nini uliacha dawa?"

"Nilipata nafuu. Lakini sikuwa na uhakika," alisema. "Nikasema ngoja nione, zamani nikichelewa hata siku mbili mlikuwa mnatuma mtu. Nikangoja kambini. Hakuja mtu. Nikajua basi mmeniandika kuwa nimepona."

Sista hakunigeukia. Nilitamani angenigeukia.

Yule mama alianza matibabu upya, na sindano kila siku. Mtoto alipewa dawa ya kinga na kupimwa mara kwa mara. Kila alipoletwa kupimwa, usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Hakuugua. Mimi nilipewa barua ya onyo, na ufunguo wa chumba cha kompyuta ukakaa kwa sista.

Mchezo niliurudia baada ya miezi kadhaa, kwa njia ya tatu. Niliandika mistari kwenye daftari la shule, nikaisahihisha kwa penseli, na Jumamosi nikaenda kuichapa kwenye duka la mjini. Picha hazikutembea vizuri. Mama wa kikapu aliruka tu kutoka hapa hadi pale. Lakini njia hiyo haikunihesabia siku wala kudai ruhusa, na mchezaji hakuhitaji kuongeza kitu kwenye mashine yake ili aufungue. Uliingia kwenye intaneti, na watu wachache nisiowajua wakaucheza.

Yule mama alipomaliza dawa, alikuja dirishani kwangu kugongewa muhuri wa mwisho kwenye kadi yake ya dawa. Nilikuwa nimekaa miezi mingi nikiogopa siku hiyo. Nilimweleza yote, tarehe na mchezo na ile mvua.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo ile mashine ndiyo ilinisahau?"

"Hapana, mama. Ni mimi."

Alichukua kadi yake, akaikunja ndani ya leso, akatoka bila kuniaga.