Suruali ya Baba Ndani ya Beseni

Enzi zetu mwanamume alikuwa na suruali moja. Nasema suruali ya kutokea mbele za watu, si kaptula ya shambani. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Uvira, na yake ilikuwa ya rangi ya majivu, imenyooshwa kwa pasi ya makaa mpaka mstari wake ungeweza kukata sabuni. Ilifuliwa Jumamosi, Jumapili ikaenda kanisani, Jumatatu ikaenda kazini. Sisi watoto tulijua siku za wiki kwa kuitazama kambani.

Leo nimeikumbuka kwa sababu nimekaa barazani kwa watu, hapa Mbarara, karibu na kambi ya jeshi, na mbele yangu kuna beseni lililolowekewa nguo asubuhi. Binti yangu Neema ametoka. Nitafika huko. Acha nikae kwanza na ya zamani.

Nakumbuka asubuhi za shuleni. Kabla ya masomo tulipanga mistari na kumwimbia kiongozi wa nchi. Tulizungusha viuno, tukapiga makofi, tukamwita baba yetu na mwokozi wetu, na Mungu anisamehe, nyimbo zenyewe zilikuwa tamu. Mpaka leo nikipalilia maharage yangu Rubondo, huko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mdomo huanza wenyewe. Neema akinisikia hukasirika. “Mama, unamuimbia ule mutu alibaua na njaa?” Naendelea kupalilia. Ni mtoto gani aliyewahi kuchaguliwa nyimbo za utotoni akaulizwa kwanza kama anazitaka?

Baada ya shule wasichana tulicheza nzango, kuruka na kurusha mguu huku wenzako wakipiga makofi, mpaka vumbi linaingia kwenye meno. Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanaokaangwa ndiyo iliyotuita nyumbani, si simu. Watoto wa siku hizi ukiwaita chakula wanajibu “ninakuja” bila kuinua macho, na kidole gumba ndicho pekee kinachofanya mazoezi.

Kisha ukaja mwaka ambao walimu hawakulipwa. Sombe, majani ya muhogo, ikawa chakula cha mchana na cha jioni, na watu wazima wakaanza kuongea kwa sauti ndogo. Ikasemwa kanisani kwamba Jumapili moja, baada ya ibada, wakristo watatembea mjini wakishika matawi, kuwaambia wakubwa kwamba imetosha. Nyumba yetu ikagawanyika. Baba alisema, “Kama balimu habatembee, nani atatembea?” Mama akapuliza moto wake. “Batoto sita habakule matawi,” akasema. Kila mmoja alikuwa na haki, na hilo ndilo lililofanya ugomvi usiishe.

Jumapili ile mama aliamka kabla ya majogoo. Tulipotoka nje tulidhani amerukwa na akili, kwa maana hakuna mwanamke mkristo Uvira aliyefua siku ya Bwana. Amekaa kwenye kigoda, na ndani ya beseni, chini ya povu, imelala suruali ya baba. Baba akatokea amejifunga kitenge cha mama chenye picha za mananasi, anatafuta huku na huku. Mama akatazama pembeni, akasema, “Ukiona mwenzio ananyolewa, tia chako maji.” Tulicheka mpaka tukakaa chini. Baba hakucheka.

Rafiki yake, Mwalimu Bahati, aliyekaa nyumba ya pili, alifika mlangoni na tawi lake mkononi. “Mwalimu, twende.” Baba alisimama nyuma ya mlango, ndani ya mananasi yale, akajibu, “Tangulia, ninakuja.”

Angeweza kuikamua akaivaa mbichi. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Nadhani sehemu moja ya moyo wake ilishukuru kuona beseni lile, na sehemu hiyo ndiyo iliyomwaibisha mpaka mwisho.

Mwalimu Bahati hakurudi. Saa nane tulisikia milio, kisha watu wakipita mbio bila matawi. Mkewe alikuja kuuliza kama yuko kwetu.

Baba aliishi. Alitutoa Uvira vita vilipokuja, alitufikisha Nakivale, alimwona Neema akizaliwa. Hakumgombeza mama hata mara moja. Ila kuanzia juma lile alifua suruali yake mwenyewe. Mama akinyoosha mkono kuipokea, alisema, “Asante, nitafua.” Hata uzeeni, kule Rubondo, alipanga foleni ya bomba na kidumu chake katikati ya wanawake, wakimcheka, na alirudi kuifua peke yake nyuma ya nyumba. Mama alikaa na mume mzima kwa miaka yote hiyo, na sijui kama alisamehewa.

Sasa jana Neema alinipigia. Anasomea uuguzi hapa mjini. Akaniambia vijana wa Mbarara wataandamana leo, wamechoka kutawaliwa bila kusikilizwa, na yeye anakwenda. Nikasema yale ambayo kila mzazi wa Nakivale angesema. “Siye tuko bageni, Neema. Mugeni hashike bango.”

“Miye nilizaliwa hapa, mama. Niko mugeni wa wapi?”

Yeye alikuwa na maneno. Mimi nilikuwa na sabuni. Asubuhi hii nimepanda gari la kwanza na kipande cha sabuni ndani ya mkoba, mwanamke mzima, najua kabisa ninakokwenda na ninachokwenda kufanya, nina aibu na nina hofu, sijui ipi zaidi.

Nimekuta kazi imekwishafanywa. Mwenye nyumba anakopanga Neema, Mama Kato, ni mke wa askari wa kambi hii. Alinipokea mlangoni mikono imejaa povu. “Nyabo, wewe kaa,” akaniambia, ndivyo huku wanavyomwita mwanamke kwa heshima. “Nguo ya huyu mtoto mimi nimetia kwa maji.” Nikachungulia. Juu ilikuwa jinzi ya Neema. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha kijani, kigumu, chenye mifuko mikubwa.

“Na ya mzee pia nimetia,” akasema. “Lakini jeshi nawapa mbili.” Mumewe alikuwa ameondoka saa kumi na mbili amevaa sare ile nyingine.

Mlango wa chumba ukafunguka, Neema akatoka. Naye amevaa nyingine. Hawa watoto wa leo wana suruali nane za mtumba, na zilizochanika magotini ndizo wanazozipenda. Enzi zetu goti likitoka nje mama yako alilia. Nikamshika mkono. Akaniinamia, akanibusu kwenye paji la uso kama vile mimi ndiye mtoto.

“Tangulieni kunywa chai, mama. Ninakuja.”

Nilitaka kumweleza habari za mlango wa Uvira. Ningeweza kumshikilia, bado nina nguvu za jembe. Lakini moyoni, kando ya hofu, palikuwa na kitu kingine, na nikiite kwa jina lake: nilimwonea fahari. Nikamwachia mkono.

Nguo ikishalowekwa lazima ifuliwe. Tumefua, mimi jinzi, yeye ile ya kijani. “Hawa watoto nasumbua gavumenti,” alisema Mama Kato akisugua mifuko. Mimi nikainamia jinzi yangu, maana ni mgeni kwake. Akasugua tena, akaacha. “Lakini mzee akipiga mtoto ya mtu, mimi nalala na yeye namna gani?”

Tumezianika kwenye kamba moja, maana hana nyingine. Zinadondosha maji. Chai imepoa, hakuna aliyeigusa. Upande wa mjini kulikuwa na nyimbo, sasa kumenyamaza, na simu ya Neema inaita bila kupokewa. Mama Kato anampigia mumewe, naye vilevile hapokei. Kila baada ya muda mmoja wetu anainuka, anashika nguo kambani kuona kama zimekauka, anarudi kukaa.

Najua huenda mtasema vijana wa leo wana bahati, wana nguo, wana shule, wana kinywa cha kusema. Ni kweli. Lakini mimi nimekaa hapa na mke wa askari, beseni tupu miguuni mwetu, na ninamwonea wivu mama yangu. Enzi zake beseni moja lilitosha.